Mji Unaoitwa Saumu

Magharibi mwa Tucson, jimbo la Arizona, mwendo wa kilomita 210 hivi, kuna mji mdogo unaoitwa Ajo. Kwa Kihispania, ajo ni kitunguu saumu. Ukiuliza kwa nini mji mzima umepewa jina la kiungo, wengi watakujibu hivi: jangwani pale humea ua jeupe ambalo shina lake hutoka kwenye tunguu lililozama chini ya mchanga, na tunguu hilo huliwa. Wahispania walilionja, wakakumbuka saumu ya kwao, wakaiita milima ya hapo Ajo. Mji ukarithi jina la milima.

Mimi nimekulia Tanga, na habari ya namna hiyo haikunishangaza. Kwetu mahali kuitwa kwa jina la mmea ni jambo la kila siku. Mikocheni ni mahali pa mikoche, Mbuyuni pana mbuyu, na Mnazi Mmoja haihitaji maelezo. Mti hufa, jina likabaki. Kondakta hupaza sauti “Mbuyuni!” na abiria wakashuka mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona huo mbuyu. Kwa hiyo nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili ya historia huko Tucson, na nikatakiwa kuandika insha ya semina juu ya jina la mahali, nilichagua Ajo nikiamini kwamba nimepata kazi nyepesi. Ua, tunguu, Wahispania, basi. Wiki mbili, nimemaliza.

Nilianza na ua lenyewe. Kitaalamu linaitwa Hesperocallis undulata. Jina la kwanza limeundwa kwa Kigiriki na maana yake ni uzuri wa magharibi. La pili ni la Kilatini na linataja mawimbi, kwa sababu kingo za majani yake hujikunja kama ukingo wa kitambaa kilichoshonwa marinda. Aliyeliingiza kwenye vitabu vya sayansi, katika miaka ya 1860, ni Asa Gray, profesa wa Harvard, upande wa pili wa bara. Ni spishi pekee katika jenasi yake. Humea kwenye mchanga wa majangwa ya Sonora na Mojave: kusini-mashariki mwa California, magharibi mwa Arizona, kusini mwa Nevada, na ng’ambo ya mpaka kaskazini-magharibi mwa Meksiko. Waingereza na Waamerika huliita yungiyungi la jangwani.

Maisha yake mengi hayaonekani. Tunguu hukaa chini, pengine nusu mita au zaidi. Mvua za baridi zikinyesha vizuri, majani ya kijani cha kijivu hujitokeza na kulala juu ya mchanga, kisha kati ya Februari na Aprili hupanda shina lenye maua makubwa meupe, kila jani la ua likiwa na mstari wa kijani mgongoni. Harufu yake ni nzuri, na jioni huwaita nondo wakubwa wanaobeba chavua. Mvua isiponyesha, hakuna kitu. Mwaka mmoja, miwili, hata zaidi, ukipita juu yake utaapa kwamba ardhi ile ni tupu.

Kiswahili kina bahati ya pekee hapa. Kwetu saumu ni kiungo, na saumu ni funga. Ni maneno mawili tofauti ya Kiarabu, thumu na saumu, yaliyosafiri kila moja kwa njia yake hadi yakakutana vinywani mwetu na kuwa sauti moja. Nilipoandika kwenye daftari langu kwamba mmea huu ni saumu inayofunga saumu, nilicheka peke yangu maktabani. Ulikuwa utani tu. Sikujua kwamba nilikuwa nimeshika ufunguo wa swali lenyewe.

Maana haikuchukua siku nyingi kabla sijakutana na maelezo ya pili. Yapo maandishi yanayosema kwamba Ajo si neno la Kihispania hata kidogo. Yanalitoa katika lugha ya Kio’odham, lugha ya wenyeji wa jangwa lile, kwenye neno lenye maana ya rangi ya kupaka. Wenyeji walikuwa wakifika kwenye vilima vile kuchukua udongo mwekundu na kujipaka. Wahispania walisikia neno la wenyeji, masikio yao yakalifananisha na neno wanalolijua, wakaandika ajo. Baadaye mtu akatazama jina, akatazama ua lenye tunguu, akaona vinapatana, hadithi ikakamilika.

Hapo sasa nikawa na majina mawili yaliyovaa kanzu moja, kama saumu yetu. Na mimi, mwanafunzi wa historia niliyefundishwa kudai ushahidi, nikaanza kuutafuta. Rafiki yangu mmoja wa darasani alikuwa na gari. Siku moja ya Machi, baada ya msimu wa mvua nzuri, tuliondoka Tucson alfajiri tukashika barabara ya 86.

Barabara hiyo inapita katikati ya ardhi ya taifa la Tohono O’odham. Kushoto unauona mlima Baboquivari, ambao kwao ni mtakatifu, umesimama kama kidole. Unapita Sells, makao makuu yao. Mpaka wa Meksiko uko kusini, mbali na macho, lakini unauhisi kwa magari ya askari wa mpakani yanayopishana nawe kila baada ya muda. Tulisimamishwa kwenye kizuizi kimoja, wakaomba pasipoti yangu, wakaitazama, wakairudisha, tukaendelea. Nilijikuta nikifikiri kwamba katika gari lile na katika magari yote ya barabara ile, watu waliofika kwanza kuliko karatasi yoyote ni Wao’odham, nao pia husimamishwa.

Mpaka wenyewe ni mdogo kwa umri. Vita kati ya Marekani na Meksiko viliisha kwa mkataba wa mwaka 1848, na mkataba huo uliiacha ardhi hii upande wa Meksiko, kwa kuwa iko kusini mwa mto Gila. Mwishoni mwa 1853 serikali ya Marekani ilikubaliana na ya Meksiko kununua kipande cha kusini zaidi, ikitaka hasa njia ya reli. Mwaka 1854 makubaliano yaliidhinishwa kwa bei ya dola milioni 10. Milima ya Ajo ikahamia Marekani bila kujisogeza. Nchi ya Wao’odham ikakatwa vipande viwili, na hakuna upande wowote uliowauliza. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Waulize Wamasai.

Wafanyabiashara hawakukawia. Mwaka huohuo wa 1854 wachimbaji Waamerika walikuwa tayari wameanza kuchimba shaba Ajo. Reli haikuwepo, tanuri la kuyeyushia halikuwepo, kwa hiyo mawe yalivushwa jangwani hadi baharini, yakapakiwa melini, yakazungushwa kusini kabisa mwa bara la Amerika, kisha yakapelekwa Wales kuyeyushwa. Meli moja ilizama karibu na Patagonia na mradi ukafa. Vilima vikapata nafasi ya kupumua kwa zaidi ya nusu karne.

Waliorudi walirudi na kemia. Mwaka 1911 kampuni iliyoongozwa na John C. Greenway, aliyekuwa amepigana Cuba pamoja na Theodore Roosevelt, ilichukua machimbo ya New Cornelia. Shaba ya Ajo ilikuwa hafifu kwa kila tani ya mwamba, isiyolipa kwa mbinu za zamani. Greenway na mhandisi Louis Ricketts walitumia njia ya kuiloweka kwa asidi ya salfa ili shaba ijitenge na jiwe, na kufikia 1917 uzalishaji mkubwa ulikuwa umeanza, wakati wa vita ambapo kila jeshi lilihitaji shaba. Hawakuchimba mashimo ya kushuka chini kwa ngazi. Walibomoa kilima chote, tabaka kwa tabaka, wakaacha shimo la wazi.

Nililiona shimo hilo kwanza kabla sijaona ua lolote. Lina upana wa zaidi ya kilomita mbili, na kina cha zaidi ya mita 300. Limekatwa ngazi kubwa kuzunguka, na chini kabisa pana maji yaliyotuama. Nilisimama kwenye uzio nikijaribu kukumbuka kwamba zamani pale palikuwa na vilima, na kwamba kama hadithi ya pili ni ya kweli, udongo mwekundu uliolipa mahali jina lake ulitoka humohumo au jirani. Udongo wenye rangi mara nyingi ni dalili ya madini yaliyo chini. Rangi waliyojipaka Wao’odham na shaba iliyowatajirisha wengine huenda vilikuwa vya mwamba mmoja.

Mji wa Ajo ni mzuri, nikiri. Kampuni iliujenga kwa mpango: uwanja wenye mitende katikati, maduka chini ya matao meupe, makanisa mawili yakitazamana na uwanja, kila kitu kwa mtindo wa makoloni ya Hispania. Ni Hispania iliyojengwa na Waamerika, miaka zaidi ya 60 baada ya Meksiko kuondoka. Jina la Kihispania na majengo ya Kihispania vilishikana mkono, na mgeni anayefika leo hana sababu ya kuuliza zaidi. Nilipoketi kwenye benchi uwanjani pale, nilielewa kwa nini hadithi ya kitunguu saumu imeshinda. Imepata nyumba ya kukaa.

Lakini Ajo ile ya matao haikuwa ya wote. Wafanyakazi weupe walikaa sehemu yao. Wameksiko walikuwa na mtaa wao, na Wao’odham wao, ambao kampuni iliuita kwa Kiingereza kijiji cha Wahindi. Mitaa hiyo miwili haipo tena, ilibomolewa. Katika migodi ya shaba ya Arizona enzi hizo mshahara nao ulikuwa na rangi: kazi ileile, malipo mawili. Mwaka 1916, mgodi ukiwa unapamba moto, Rais Woodrow Wilson alitia saini amri ya kutenga eneo kubwa la Wao’odham mashariki mwa Ajo. Ajo yenyewe na shaba yake vilibaki nje ya mstari.

Katika mitaa ile ndipo nilipokutana na kikwazo cha lugha yangu mwenyewe. Nilikuwa nikituma ujumbe kwa dada yangu aliyeko Korogwe, nikimsimulia nilichokiona, na nilipofika kwenye wenyeji vidole vyangu viliandika “Wahindi Wekundu”. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta tena. Columbus alifika visiwa vya Karibi mwaka 1492 akadhani amefika Bara Hindi. Kosa lake likawa jina la watu wa mabara mawili. Kiswahili kikalipokea kosa hilo, kikaona kwamba kina Wahindi tayari, kikaongeza rangi ili kuwatofautisha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Makosa mengi ya majina huenda hivyo, mtu wa pili akimwamini wa kwanza.

Wao’odham wenyewe walibeba jina la namna hiyo kwa karne nyingi. Wahispania waliwaita Papago, jina ambalo wengi hulitoa katika neno lao la maharage madogo ya jangwani, chakula chao kikuu. Yaani wala-maharage. Jina hilo liliandikwa kwenye ramani, kwenye amri za serikali, kwenye milango ya ofisi. Mwaka 1983 mwanaisimu na mshairi wao, Ofelia Zepeda, alipochapisha kitabu cha sarufi ya lugha yake mwenyewe, neno Papago bado lilikuwa kwenye jalada. Miaka mitatu baadaye, 1986, taifa hilo lilipitisha katiba mpya na kujiita kwa jina lake: Tohono O’odham, watu wa jangwani.

Kwa hiyo ramani moja ilikuwa na watu walioitwa maharage na mahali palipoitwa saumu. Nilipoliona hilo, swali langu lilibadilika. Nilikuwa nikiuliza ni maelezo gani yaliyo sahihi, la tunguu au la udongo. Sasa nikauliza: hata tukiyakubali yale ya tunguu, Wahispania walijuaje kwamba kile kitu kinaliwa?

Fikiria. Tunguu liko nusu mita chini ya mchanga mgumu. Juu yake, miezi mingi ya mwaka, hakuna hata jani. Mpita njia mwenye njaa hawezi kulikuta kwa bahati; hana sababu ya kuchimba hapo na si kwingine. Na kama angelikuta, angethubutuje kulila? Matunguu ya porini yanaua, hilo kila mfugaji analijua. Padri Eusebio Francisco Kino, Mjesuiti aliyeingia nchi hizi mwaka 1687 na kuzizunguka kwa farasi hadi alipofariki 1711, alipita Sonoyta, kilomita zaidi ya 60 kusini mwa Ajo, na safari za aina hiyo ziliwezekana kwa sababu wenyeji waliwaonyesha wageni maji yalipo. Wao’odham walichimba tunguu lile na kulila, kama walivyofanya majirani zao. Ni vigumu kufikiri kwamba mgeni alijifunza kwa mwingine. Ladha ya saumu aliyoitambua Mhispania aliipata kinywani, lakini kilifika kinywani kwa mkono wa mtu aliyejua pa kuchimba, lini, na kwa kina gani.

Basi hadithi zote mbili zinafika mlango uleule. Ikiwa jina ni la rangi, neno ni la Wao’odham. Ikiwa ni la tunguu, neno ni la Kihispania lakini maarifa ni ya Wao’odham. Kinachotofautiana ni kimoja tu: katika hadithi ya kwanza mwenyeji anasikika, katika ya pili anatoweka. Na iliyoenea ni hii ya pili.

Ningeweza kuishia hapo, na insha ya semina iliishia hapo. Lakini kuna jambo jingine nililolisoma wiki hizo ambalo sikuliweka kwenye insha, kwa sababu halikuwa la Arizona.

Wataalamu wa mimea walisumbuka sana na ukoo wa ua hili. Kwa kulitazama, ni yungiyungi, na kwa muda mrefu liliwekwa katika familia hiyo. Wengine walilihamishia karibu na mimea ya bustani ya Asia ya mashariki. Uchunguzi wa DNA ndio uliolirudisha nyumbani: halitokani na mayungiyungi. Limo katika familia ya asparaga, katika tawi moja na agave. Na mmojawapo wa hao agave ni mkonge.

Nilisoma sentensi ile mara tatu. Nimezaliwa katikati ya mkonge. Najua mistari yake inayoenda mpaka upeo wa macho, miiba ya ncha zake, harufu ya majani yaliyosagwa karibu na korona. Mkonge nao haukuanzia kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida kupitia Hamburg. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa, 62 tu ndiyo iliyofika pwani yetu ikiwa hai. Asili yake ni Meksiko, na jina lake la kimataifa, sisal, ni la bandari ya Yucatán ambako nyuzi zilipakiwa melini. Hata huo mmea uliitwa kwa jina la gati.

Mashamba yaliyozaliwa na miche hiyo yalihitaji watu wengi kuliko waliokuwepo. Wakaletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, Burundi. Babu yangu alikuwa Muha kutoka Kigoma. Aliletwa kwa treni na lori miaka ya 1950, akiwa na umri mdogo kuliko nilionao sasa. Watu wa namna yake waliitwa manamba. Neno hilo tumelizoea kiasi kwamba hatulisikii tena, lakini limetoka kwenye namba. Mtu aliandikishwa, akapewa namba, akawa hiyo namba. Mkononi alikuwa na kipande, kadi yenye vyumba 30, kila siku ya kazi iliyotimia ikitiwa alama. Walikaa kambini, kila kabila na safu yake ya vyumba, na mabwana shamba wakakaa kilimani penye upepo.

Karani aliyemwandikisha babu hakuwa mtu wa Kigoma. Jina la babu lilianza na konsonanti zilizobanana, na karani akaona tabu. Akaidondosha silabi ya kwanza na kuandika iliyobaki kama alivyoisikia. Babu hakujua kusoma. Alipojifunza, watoto wake walikuwa tayari wameandikishwa shule kwa jina lile lililokatwa kichwa, kisha wajukuu, na sasa liko kwenye pasipoti ambayo askari wa barabara ya 86 aliitazama na kunirudishia. Jina kamili lilikuwa sentensi, kama yalivyo majina mengi ya Kiha, lenye habari ya siku aliyozaliwa. Lililobaki halina maana katika lugha yoyote.

Alasiri, kabla ya kuondoka Ajo, tuliingia makumbusho madogo ya mji. Yako ndani ya kanisa la zamani la misheni lililokuwa la Wao’odham, jirani kabisa na shimo. Humo mna taipureta, kofia za wachimbaji, picha za mgomo ulioanza Julai 1983, wakati wafanyakazi wa shaba wa Arizona walipogoma na kampuni ikaajiri wengine mahali pao. Vyama vya wafanyakazi vilivunjwa nguvu, bei ya shaba ikawa mbaya, na mwaka 1985 mgodi wa Ajo ukafungwa. Sanamu ya Greenway, iliyokuwa imesimama ndani ya jengo la Bunge huko Washington kwa niaba ya Arizona tangu 1930, nayo iliondolewa 2015 kumpisha mtu mwingine. Mji uliobaki ni wa wazee waliostaafu, wasanii, askari wa mpakani, na Wao’odham ambao hawakwenda kokote.

Mlangoni palikuwa na daftari la wageni. Niliandika jina langu. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amesimama nyuma yangu akisubiri zamu yake, alilisoma kwa sauti ya chini, akajaribu tena, kisha akaniuliza kwa upole lina maana gani. Aliniambia kwao jina lina maana.

Nilimwambia: lilikuwa nayo.

Alisubiri kidogo aone kama nitaongeza neno. Nikamweleza, kwa kifupi, habari ya babu na karani. Hakusema pole wala hakushangaa. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya jirani yake, akachukua kalamu na kuandika jina lake chini ya langu. Sikumuuliza juu ya Ajo. Nilikuwa nimekuja na swali hilo kilomita 210, na wakati huo nililiona kama kumwomba mtu atoe ushahidi kuhusu nyumba yake mwenyewe.

Tulilipata ua tukiwa njiani kurudi, kusini mwa mji, kwenye tambarare ya mchanga kando ya barabara ya 85. Rafiki yangu ndiye aliyeliona. Lilikuwa shina moja, refu kufika gotini, maua matano yamefunguka na mengine yangali yamefumba. Nilipiga magoti. Majani yalikuwa yamelala kama yalivyochorwa vitabuni, na kingo zake za mawimbi zimekamata mchanga. Hatukuchimba, hata kwa kidole. Tulikaa mpaka jua lilipozama na harufu ikaanza kutoka, tukingoja nondo. Hakuna aliyekuja, au alikuja giza lilipokuwa limetuzidi.

Usiku ule nikampigia mama simu. Kwao Tanga kulikuwa kumeshapambazuka. Nilimuuliza kama anajua jina la babu lilivyotamkwa kamili, kabla ya karani. Akasema yeye ni mkwe tu, hilo hakuambiwa; niulize shangazi, mkubwa wao, aliyebaki Kasulu. Akanitumia namba.

Simu ya shangazi ilikuwa mbovu, sauti inakatika. Nilimwamkia, nikamwambia nataka jina la babu. Akacheka, akauliza mbona nimechelewa hivyo. Kisha akalitamka. Nikamwomba arudie, akarudia polepole, silabi kwa silabi, kama anavyofundishwa mtoto, nami nikaliandika kwenye ukurasa uleule wa daftari nilipokuwa nimeandika saumu inayofunga saumu. Nililisoma nikimsomea. Akasema hapana, umekosea mwanzo wake. Nikaandika upya.